Banda Lisilonuka

"Farasi sita, Harlan! Farasi sita wanakojoa humo kutwa, na banda halinuki. Uchawi huo kakufundisha nani?"

"Usafi tu, mama." Harlan Pickett aliegemea uzio, anacheka. "Jaribu na wewe siku moja."

Verlene Stroud alilimeza tusi hilo. Miaka tisa kijiji kizima kimelisifia banda la jirani yake, na yeye akiwemo. Miaka tisa hiyohiyo imepita tangu Harlan asimamie kutandaza udongo wa mfinyanzi chini ya jalala la kaunti, pale mlimani juu ya kisima cha Verlene. Udongo ule ulitakiwa kuchanganywa na unga wa zeolaiti, madini yanayonasa sumu ya betri na rangi kuukuu isipenye ardhini. Harlan alitia saini kwamba umechanganywa. Leo kisima kina madini ya risasi, sumu itokayo kwenye betri hizo, na Lonnie, mumewe Verlene, hafikishi kijiko kinywani bila kumwaga.

"Lawama zako yapelekee mabomba ya risasi ya babu yako," alisema Harlan. "Udongo wangu mzima. Kesho naapa mbele ya kaunti."

"Na maji ya kisima changu?"

"Hayana neno. Ningeyanywa mwenyewe."

"Umesema wewe, eh? Sijakulisha maneno."

Akachomoa gunia tupu chini ya aproni. "Hili lilikuwa limeziba dirisha la banda lako. Jana upepo ulilitupa kwenye nyanya zangu. Soma. Au nikusomee? Zeolaiti, mali ya jalala. Kumbe inanasa hata harufu ya mkojo wa farasi! Umewamwagia magunia mangapi, Harlan?"

Kicheko kikamkauka. Akateremsha sauti. "Verlene, dada yangu, haya tuyamalize mimi na wewe."

"Mimi na wewe? Thubutu!"

Nyuma ya Verlene, madirisha ya jikoni kwake yalikuwa wazi. Ndani walijaa wanawake wa kanisani na masufuria yao, Lonnie kakaa kichwani mwa meza, na kando yake mkaguzi wa kaunti, kitambaa shingoni. Hakuna aliyekuwa anatafuna.

Verlene akafungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Karibu ndani ule, jirani. Kiti chako hicho hapo, ubavuni mwa mkaguzi. Wenzako nimewapikia kwa maji ya chupa. Maharage yako nimeyachemsha peke yake, kwa maji ya kisima."