Ufunguo wa Friji ya Damu

Kabla ya kompyuta, ufunguo wa friji ya damu ulikaa shingoni mwa mzee Damiano wa maabara, kwenye kamba ya katani. Asiyeushika mkononi hakumwahidi mtu damu. Wauguzi wa wodi ya wazazi na wa upasuaji walisubiriana na kununiana, lakini chupa moja haikuwahi kupewa wagonjwa wawili.

Hospitali ilikuwa ya Daktari Donati, mmoja wa waliochangamkia biashara huria mapema pale Kilosa. Alimwajiri Bibiana, binti wa Magomeni ya hapohapo Kilosa aliyesomea kompyuta Morogoro, amtengenezee programu. Bibiana hakuwa mjinga. Programu yake ya kwanza ilikuwa na kufuli: chumba kimoja kikifungua rekodi ya damu, kingine kinangoja. Wauguzi wakalalamika kwamba mashine inaganda.

"Wateja hawaji hapa kupanga foleni," Donati akamwambia. "Foleni ya bure ipo serikalini."

Basi Bibiana akaliondoa kufuli. Kila chumba kikawa kinachukua nakala yake ya rekodi, kinaibadilisha, kisha kinairudisha bila kuuliza kama kuna mwingine ameigusa. Kazi ikaenda mbio, wakampongeza. Mzee Damiano naye akaamriwa autundike ufunguo msumarini, kila mtu ajichukulie. Haraka haraka haina baraka, lakini Donati aliona methali hiyo ni ya enzi za foleni ya sukari.

Siku Happiness, dada yake Bibiana, alipoletwa, mimba imetunga nje ya kizazi na kupasuka, friji ilikuwa na chupa moja tu ya kundi O. Bibiana mwenyewe aliketi kwenye kompyuta ya upasuaji, akaandika jina la dada yake. Kioo kikajibu: imehifadhiwa. Timotheo, mume wa Happiness, alikuwa ameshakunja mkono wa shati, kwa kuwa naye ni kundi O.

"Shusha mkono, shemeji," Bibiana akamwambia. "Damu ipo, naiona hapa. Wewe kamchukue mama kule kijijini Zombo."

Timotheo akawasha pikipiki, akaondoka.

Wakati huohuo wodi ya wazazi ilikuwa imefungua nakala yake, ikaona chupa ileile haina mwenyewe. Ikaandika jina la Nalangu, mke wa mfugaji, aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Huko nako kioo kikajibu: imehifadhiwa. Muuguzi akachukua ufunguo msumarini.

Watu wa upasuaji walipofungua friji, rafu ilikuwa tupu. Bibiana alielewa kabla hajaelezwa, na uchungu ule simtakii hata adui. Alinyoosha mkono wake atolewe damu. Mzee Damiano akatikisa kichwa; Bibiana ni kundi A. Wakampigia Timotheo simu, isipatikane. Gari likatumwa Mikumi kutafuta damu. Liliporudi, Happiness alikuwa ameshakata roho, na mama yao anateremka kwenye pikipiki na chupa ya uji wa mgonjwa.

Siku Nalangu aliporuhusiwa, mumewe Koileken alimkuta Bibiana kwenye kompyuta, akilirudisha kufuli.

"Wamesema hii mashine umetengeneza wewe," akasema, amempakata mtoto. "Mke wangu alikuwa anakwisha, ikampa damu upesi. Asante sana, dada. Huyu ni wa kike. Nataka tumpe jina lako. Unaitwa nani?"

Bibiana aliacha kuandika, akamfunika mtoto mguu.

"Happiness," akasema.