Kikopo cha Yunisi

...na hiki kikopo kimeshapata joto mfukoni, kidogo hivi utadhani cha dawa ya macho, kimeandikwa jina langu, Naftali, lakini choo kilichomo si cha Naftali, ni cha mke wangu Yunisi, alinitolea asubuhi huku anacheka, lete bwana, nani atajua, na mimi na mvi zangu nikampa, kwa sababu anayepokea vikopo pale dirishani pa zahanati ni Rebeka, mke wa mwanetu Elisha, mkwe wangu, tangu aolewe hatujawahi kula kwenye chombo kimoja, tukikutana njiani anapisha pembeni na kuinamisha macho, halafu leo nimkabidhi mavi yangu mkononi... hapana jamani... Rebeka anasema nini, sauti yake inakuja na kupotea na huu upepo wa hapa Misigiri, anatueleza ni kipimo cha utumbo mpana, kikopo kikionekana kina damu utapelekwa hospitali kubwa uingizwe kamera kwa nyuma, wazee wanaguna, Bonifasi hapa pembeni yangu ananong'ona bora wangetuchoma sindano tu, mkononi hakuna aibu, naitikia, ndiyo, bora sindano, jua linanilegeza, kope nzito, naliona shamba la alizeti la mwaka ule, njano mpaka kule kwenye mawe, marehemu kaka yangu Antipasi amesimama katikati anashika tumbo, ni vidonda tu, anasema, vidonda tu, miezi minne akapukutika tukimwangalia, suruali tukaifunga kwa kamba, kumbe alikuwa anaona damu chooni na hakumwambia mtu, tukamzika na aibu yake... na mimi damu yangu naiona tangu palizi, nyekundu kabisa, namwaga maji haraka, hata Yunisi sijamwambia, nilimwambia namwonea haya mkwe, basi, ndiyo maana alicheka, mjinga mimi, hiki kikopo kitasema Naftali mzima na nyumbani watachinja kuku... au kiseme vingine, Mungu wangu, hilo sikuliwaza, kiseme kina damu, wanibebe mimi wakahangaike na mimi, na Yunisi abaki jikoni anasonga ugali, anaimba zake pambio, hajui, ugonjwa wake umeandikwa jina langu...

"Shikamoo baba, kikopo kiko tayari?"

Ni Rebeka, macho chini, jina langu hajalitaja, hajawahi, marahaba mama, najibu, bado kidogo, naona vidole vyake vinapapasa kifungo cha koti, naye anaona haya kama mimi, tena zaidi, na bado ameniita mbele za watu... anamgeukia mwingine, upepo unalijaza lile koti jeupe, Bonifasi anapiga miayo, mimi sijainuka, mkono bado uko mfukoni, ila maneno yameshanijia yote, yamekaa mdomoni yananingoja, mama, hiki si changu, futa jina, andika Yunisi, ni cha mama yenu, nipe kingine, changu mimi kina damu, mwanangu, na ninaogopa kufa.