Msihesabu Saa za Ndege kwa Vidole

Wazazi wenzangu mnaosindikiza watoto uwanja wa ndege, nisikilizeni mimi niliyeishia darasa la saba, msirudie nililofanya.

Tiketi ya binti yangu ilisema ndege inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, inafika saa sita mchana. Nikahesabu kwa vidole: saa sita angani. Sikumwuliza mtu.

Wa kumpokea alikuwa mtoto wa kaka yangu, anayesafisha ofisi usiku huko ng'ambo, na ndiye aliyemwombea kazi kwa msimamizi wake. Nilimwambia asihangaike na saa, nitampigia mimi. Binti naye, ambaye simu yake haikuwa na laini ya huko, nilimwusia: ukishuka keti, usiongee na mtu, usiondoke mpaka binamu yako aje.

Saa sita mchana nikapiga.

"Uko wapi? Dada yako anashuka."

"Shangazi, niko zamu. Huku ni saa kumi alfajiri."

"Alfajiri gani, na jua liko utosini?"

"Utosini kwenu. Huku giza."

"Unabishana na mimi niliyekubeba mgongoni?"

Akaacha ndoo, akaenda. Baada ya saa nzima akanipigia: hakuna ndege iliyotua. Nikajua imeanguka. Nikamwambia arudi nyumbani akalale, tumwachie Mungu. Nikatoa viti uani. Jirani yangu, fundi cherehani, akaja na mkeka wake, akaniuliza picha ya marehemu iko wapi.

Saa tisa mume wangu akarudi na lori lake, akakuta watu kumi na saba wameinamisha vichwa. Akaomba tiketi. Ni dereva wa masafa marefu, haamini kitu kisicho na kilomita.

"Hapa pameandikwa kilomita elfu kumi na mbili. Wewe umeipa saa ngapi?"

"Sita."

"Elfu mbili kwa saa. Na watu wamekaa wanakunywa chai."

Akashusha kidole kwenye maandishi madogo. "Muda wa safari, saa kumi na nne. Saa ya kufika ni ya huko, mama watoto. Mtoto bado yuko angani."

Fundi cherehani akakunja mkeka. "Basi sisi twende," akasema, kama mtu aliyenyimwa.

Nilifurahi dakika moja. Kisha nikakumbuka kwamba mpokeaji nimemtuma mwenyewe akalale. Nikampigia, simu imezimwa. Afanyaye kazi usiku huzima simu mchana. Nikapiga mara arobaini na moja, mume wangu akihesabu.

Binti alishuka saa sita yao ya mchana, akaketi. Maofisa wawili walimwuliza kama amepotea. Akatazama ukuta, kama nilivyomfunza. Binamu yake aliamka saa kumi na moja jioni, akaona simu zangu, akakimbia. Alimkuta palepale juu ya sanduku, miguu imevimba.

"Kwa nini hukumwomba hata mtu mmoja anipigie?"

"Mama alikataa."

Sasa wanatafuta kazi wote wawili, maana msimamizi hakutaka kusikia habari za shangazi wa mtu. Binti hunipigia Jumapili. Mtoto wa kaka yangu hanipigii. Salamu humpa mume wangu, na mume wangu hunifikishia zile zinazofikishika.