Kuni za Mama Dorine

Kwetu Kimulot, mama akitaka kujisifu hafungui mdomo. Anapanga kuni. Zangu nilizipanga kwenye ukuta wa nyumba, matawi ya michai juu ya magogo ya blugamu, mpaka dirisha likazibika. Mume wangu Bethwel akalalamika kwamba sebule imekuwa giza. Nikamwambia awashe taa.

Mwaka ule wa mvua ya El Nino, mende wakahamia kwetu. Si wale wadogo wa kabatini. Hawa walikuwa wakubwa, weusi, wa kichakani, wakipita chini ya mlango kama wenye shamba. Na wiki hiyohiyo wakwe walikuwa wanakuja kwa koito, kumposa binti yangu Dorine.

"Mama, wakiona mende watasema nimelelewa kwa uchafu," Dorine akalia.

Nilinyunyiza dawa mpaka kuku wakayumba. Jirani yangu Mwihaki, mwenye duka, akaja kutazama, akacheka.

"Mama Dorine, hawa wanakaa kwa kuni. Peleka hizo kuni mbali na nyumba, halafu uzibe hapo chini ya mlango."

"Wakwe wakute ukuta mtupu? Waseme tunapika na nyasi?"

Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshazikwa.

Siku yenyewe mvua ikaja na upepo. Wageni wameketi, wazee wanaulizana koo, kuni zangu zikalowa na wenyeji wake wakaingia ndani. Mmoja akapanda kiatu cha Chepkosgei, mama wa kijana.

"Huyo ametoka dukani kwa jirani," nikasema upesi.

Jirani alikuwa nyuma yangu, ameshika birika, amekuja kunisaidia kuandalia wageni. Nilitamani ardhi inimeze.

Chepkosgei akakung'uta kiatu. "Kuni zako nimeziona," akasema. "Nzuri sana. Hata mimi nilikuwa naweka kwa ukuta. Nimelala na hawa mwaka mzima."

Wazee walipomaliza mambo ya ng'ombe, akaomba neno moja. "Msichana tumependa. Lakini kuni atapanga mbali na nyumba."

Bethwel, aliyekuwa amebishania kila ndama, alikubali hapohapo.

Wakwe walipoondoka nikaanza kubeba kuni kwenye mvua. Mwihaki alikaa mlangoni na chai yake, akinionyesha pa kuziweka.

"Peleka mbele kidogo, Mama Dorine," akasema. "Hapo ni karibu na duka yangu."