Kalunguyeye Asirukwe

Aidarus hakupenda kumvunja mtu moyo, ndiyo maana alianza na chai. Alimmiminia Yumna kikombe, akamsogezea sahani ya mahamri, akamuuliza hali ya mamake, ya nyumbani, na ya mvua iliyoingia darini. Yumna alijibu moja baada ya jingine huku akijua kuna linalokuja, kwa kuwa mkuu wake hakuwa mtu wa kumkalisha mwandishi kitako saa za kazi bila ya jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa Kalu.

Kalu alikuwa kalunguyeye wa kitambaa, mwenye miiba ya nyuzi za katani na kifungo cheusi badala ya pua. Alikuwa mmoja wa vikaragosi wanne wa "Kibarazani", kipindi cha watoto kilichorekodiwa ghorofani katika nyumba kongwe nyuma ya Ngome ya Yesu. Wenzake walikuwa paka Barobaro, kunguru Mdaku na kaa Kombo. Barobaro alijulikana nchi nzima. Watoto walivaa fulana zenye sura yake, na hata wauza vinyago pale ngomeni walikuwa wamejifunza kukiiga kicheko chake ili wawavute wanunuzi. Kalu hakuna aliyemvaa. Alikuwa mwoga. Akitishika alijiviringa kama mpira, na akisema alisema polepole, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua.

Aidarus akaeleza kwamba kituo cha televisheni kilichokinunua kipindi kilitaka msimu ujao uwe wa paka na kunguru. Kombo angepitapita nyuma. Kalu angesafiri kwenda kwa shangazi yake, asirudi tena. Bi Becky, msimamizi wa vipindi vya watoto, angekuja Jumamosi kukitazama kipindi pamoja na watoto wa shule moja ya Mbaraki, kisha shauri lifungwe.

"Mwandikie safari ya heshima," Aidarus alisema kwa upole.

"Nitamwandikia kipindi chake kwanza," Yumna akajibu. "Watoto wakimkataa, nitamwandikia safari."

Hakuwa na hakika ujasiri huo ulimtoka wapi. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita tu. Lakini alipokuwa kwenye mazoezi ya ualimu aligundua kwamba kila darasa lina yule mtoto anayekaa nyuma na kuomba kimoyomoyo asiitwe jina. Kila alipoandika sentensi ya Kalu, alimwandikia mtoto huyo. Na sasa kumwambia mtoto huyo kwamba watu kama yeye hupelekwa kwa shangazi, hilo asingeweza.

Basi akaandika kipindi ambacho chote kilikuwa cha Kalu. Kalu aliimba, Kalu akashinda mashindano, Kalu akawaokoa wenzake waliokwama darini. Barobaro alitokea mwishoni akampigia makofi. Kilipokwisha kurekodiwa, Jumatano wakawaita watoto wa mtaa, wakawatandikia mkeka chini ya nyumba, wakawaonyesha kwenye televisheni.

Haikupita muda mrefu kabla mmoja hajauliza, "Barobaro yuwapi?" Mwingine akaenda kunywa maji. Waliobaki wakaanza kuchomoa ukindu wa mkeka. Kalu alipofika kwenye wimbo wake mkubwa, nusu ya watazamaji walikuwa uani wakifukuzana na paka wa kweli. Dama, msichana aliyemchezesha Kalu, alikuwa ameketi nyuma yao na kikaragosi chake mapajani. Alimfunika uso kwa kiganja, kama mama anayemkinga mwanawe asione akikataliwa.

Jioni ile Yumna na Dama walikwenda ufukweni Mama Ngina, wakanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wakala wakiitazama bahari bila ya kuiona. Dama alijitahidi kufanya mzaha.

"Mamangu tangu mwanzo alisema hii si kazi, ni mchezo. Sasa nirudi Kaloleni nimwambie nimefutwa pamoja na kalunguyeye."

"Hujafutwa," Yumna alisema.

"Wewe umeona wale watoto, dadangu."

Yumna alikuwa amewaona. Hilo ndilo lililomuuma. Watoto hawakuwa na roho mbaya. Kipindi kilikuwa kibaya, na aliyekiandika ni yeye.

Alipofika nyumbani alikuta wageni. Mamake, Mwanaesha, alikuwa amewakaribisha wanawake waliokuja kwa posa ya binamu yake Yumna, na sebule ilijaa mabuibui na harufu ya udi. Fadhiya, mpwa wa Yumna wa miaka mitano, aliitwa aje kuamkia. Mtoto akaanzia kuliani kama alivyofunzwa, akimpa kila mtu mkono na kuubusu, lakini alikuwa na haraka kwa sababu alijua kuna halua. Kwenye pembe ya makochi, nyuma ya mto, aliketi mama mmoja mkimya aliyejikunja kama anayeomba radhi kwa kukalia nafasi. Fadhiya akampita.

"Rudi," Mwanaesha akasema, bila ya kupaza sauti. "Umemruka mtu."

Mtoto akarudi, akatoa mkono. Yule mama akaupokea, akainama, akamnong'oneza jambo. Fadhiya akacheka. Akauliza swali. Halua ikapita, naye akakaa palepale, hata alipoitwa hakuondoka.

Yumna alisimama mlangoni na viatu mkononi. Akakumbuka kwamba katika msimu wa kwanza wa "Kibarazani", kila aliyefika barazani alizunguka kutoa mkono kwa wote. Kituo kikalalamika kwamba salamu zinakula muda, Aidarus akaziondoa, nao wote, watu wa pwani waliolelewa kwa salamu, wakakubali bila ya neno. Tangu siku ile Barobaro alikuwa akiingia na kumwendea moja kwa moja yule wa kuchekesha naye. Hakuna aliyeamua kumsahau Kalu. Walimruka tu, kila kipindi, mpaka ikawa desturi.

Asubuhi alimsubiri Aidarus mlangoni.

"Nafasi yako umeipata, mwanangu," Aidarus alisema kabla hajaamkiwa.

"Sabalkheri, ami. Siombi kipindi kingine. Naomba salamu zirudi."

"Salamu zinakula muda."

"Basi na ziule. Tunawafundisha watoto kumpita mtu aliyeketi. Nyumbani kwako ungekubali?"

Aidarus alizichezea funguo zake. Mwishowe akasema kwamba watarekodi onyesho moja, mara moja, siku ile ile, na liwe limekwisha kabla ya adhana ya adhuhuri. Kila mtu alijua maana yake. Misikiti ya mtaa ule imekaribiana, na ikianza kuadhini vinasa sauti vya kurekodia hudaka yote, kazi husimama. Mchana chumba kilikuwa kimeazimwa kwa shughuli nyingine. Likikosekana, limekosekana.

Aliyebaki kushawishiwa ni Ngowa, mchezeshaji wa Barobaro. Alilisoma onyesho ambalo Yumna alikuwa ameliandika usiku, akiwa amesimama, kisha akamtazama Yumna kwa jicho la mashaka.

"Yaani paka wangu amruke mtu, aambiwe arudi, arudi. Utamfanya ustadhi."

"Nataka abaki vilevile."

"Barobaro hawezi kumdharau mtu, watoto watamchukia. Na hawezi kutulia, watalala." Akakaa juu ya meza, akafikiri, huku kidole kikiigonga miiba ya Kalu aliyekuwa ameviringwa kando. Ghafla akacheka. "Hebu. Asimwone. Aone stafeli."

Dama alimviringa Kalu vizuri zaidi. Kweli, ukikaza macho, alikuwa stafeli: mviringo, mwenye vijiba, kimya. Dama akaanza kucheka pia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, na Yumna akalifuta onyesho lake nusu nzima pale pale na kuliandika upya gotini. Sasa alielewa alipokosea. Alikuwa amemwondoa paka ili Kalu aonekane, kumbe Kalu alihitaji paka aje mpaka pale alipoketi.

Walirekodi madirisha yamefungwa na jasho likiwatiririka. Ngowa alipotamka sentensi ya mwisho, mwadhini wa msikiti wa jirani alikohoa kwenye kipaza sauti, akaanza. Aidarus akazima kamera.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Bi Becky aliketi mstari wa nyuma, mwanamke mtaratibu mwenye miwani, na Yumna akamleta Fadhiya akae na watoto wenzake. Onyesho likaanza. Barobaro aliingia kwa mbwembwe, akampa mkono Mdaku akamtania, akampa mkono Kombo akabanwa kidole, watoto wakaangua kicheko. Kisha akafika penye stafeli.

"Nani kaliacha stafeli zuri namna hii kibarazani?" akauliza. Akalinusa. Akajichoma pua. Akaondoka akinung'unika kwamba bado halijaiva.

"Umemruka mtu," Fadhiya akasema.

Alilisema kama anavyosema mamake Yumna, bila ya kupaza sauti. Mtoto wa pili akalisema. Mara ukumbi mzima ukawa unamwambia paka arudi, na kwenye kioo paka alisimama, akageuka, akatoa mkono wake na kuuacha hewani.

Kalu hakufunguka upesi. Dama alikuwa amemchezesha bila ya haraka: kwanza pua, kisha jicho moja, kisha kijimkono. Yumna aliwatazama watoto. Hakuna aliyetafuta maji. Mstari wa nyuma kabisa, msichana aliyekuwa amejikunja ukutani tangu mwanzo alikuwa ameinuka magotini ili aone vizuri.

"Sa... bal... kheri," alisema Kalu, na ukumbi ukamwitikia kwa sauti moja.

Baadaye Bi Becky alisimama kuaga. Alisema kwamba ameona alichokuja kuona, na kwamba ataandika majibu akifika Nairobi. Akampa mkono Aidarus, akampa Ngowa, akampa Yumna, akaushika mkoba wake na kuelekea mlangoni.

"Umemruka mtu," Fadhiya akamwambia.

Bi Becky akasimama. Karibu na mlango Dama alikuwa ameegemea ukuta, kikaragosi mkononi. Kisha msimamizi akaweka mkoba chini, akarudi, akampa Dama mkono, na baada ya kusita kidogo akaunyoosha mkono wa pili kwa Kalu. Kalu akajiviringa. Bi Becky akangoja. Alingoja mpaka pua ikatokea.

"Haya," alisema, akimwambia kalunguyeye na si mtu mwingine. "Shangazi yako atasubiri. Tuonane msimu ujao." Akamgeukia Aidarus. "Na salamu zibaki."

Dama alikwenda kusimama nje kidogo, peke yake, akayafuta machozi kwa miiba ya katani ya Kalu mpaka mashavu yakamuwasha. Ngowa alikuwa tayari anamwambia kila mtu kwamba stafeli ni wazo lake.

Yumna hakuwasikiliza. Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo cha watoto, kalamu mkononi, anamfikiria Kombo, aliyemaliza onyesho zima akibana vidole vya watu bila ya kupewa hata sentensi moja ya maana.