Vumbi la Gurudumu la Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijavuka ukuta wa jirani, Nyororo alitoa ndoo mbili uani, moja ya maji ya sabuni na moja ya maji matupu, akaosha magurudumu ya gari lake. Hakuosha kingine. Bodi aliiachia mvua, vioo alimwachia Mungu. Lakini zile ringi zilikuwa za rangi ya fedha, zenye matawi membamba, na alizipenda kuliko ndugu zake kadhaa. Alizigusa kwanza kuona kama zimepoa, maana sabuni ikikaukia kwenye chuma cha moto huacha madoa. Kisha akamwagia maji, akapaka sabuni, akapitisha mswaki wa zamani kwenye kila upenyo, akasuuza, akakausha kwa fulana kuukuu. Gurudumu moja likiisha ndipo alihamia jingine.

Magurudumu matatu hayakumsumbua. Lililomkosesha usingizi ni la mbele, kushoto. Vumbi la breki si habari mpya, kila gari linalo: pedi hubana diski, husagika kidogo kidogo, na unga wake mweusi hurukia ringi. Lakini kwa kawaida unga huo hugawanyika kwa haki. Hapa magurudumu matatu yalimaliza wiki yaking'aa kama sahani za wageni, na hilo moja, ikifika Jumapili mchana, lilikuwa jeusi kama tako la sufuria. Alishajaribu limau, siki, magadi, na dawa moja ya chupa ya kijani iliyobabua viatu vyake na kuliacha vumbi palepale.

Barazani mkewe alikuwa anashona. Mtaa mzima ulimwita Mshonaji, na cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga kwa mguu. Mguu wake wa kulia ulikuwa na elimu kuliko watu wengi: ulijua kwenda, ulijua kupunguza mwendo, ulijua kusimama palepale pindo linapoishia. Nyororo alipoanza kusugua gurudumu la kushoto, Mshonaji akaanza kucheka.

"Unacheka nini?"

"Sicheki. Natekenywa."

"Na nani?"

"We sugua tu, baba."

Ilikuwa hivyo kila Jumamosi. Mswaki ukiingia kwenye ringi ile, unyayo wake wa kulia ulimtekenya na kicheko kikamtoka apende asipende, hata siku walizoamka wamenuniana. Nyororo aliamini anachekwa. Binti yao, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, alifunga mlango wa chumba chake ili asome.

Jina la Nyororo alipewa na majirani kwa sababu ya namna gari lake linavyosimama. Halikushtuka, halikupiga kelele, lilitua taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Mwenyewe alilipokea jina kwa mikono miwili. "Mimi breki sizijui," alisema kwenye kila mkusanyiko. "Breki ni za waoga. Dereva mwenye akili analiambia gari, na gari linasikia." Mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu ya kwake aliiwamba kila jioni.

Siku za kazi walitoka wote watatu: Nyororo kwenye usukani, Mshonaji siti ya mbele, binti nyuma ya mama yake. Walimshusha binti shuleni, wakafika kwenye ghala alikofanya kazi Nyororo, kisha Mshonaji akarudi nyumbani kwa basi. Jioni akapanda basi tena kumfuata mumewe. Watu wakiuliza, Nyororo alijibu kwamba mkewe anampenda kupita kiasi. Ukweli ni kwamba Mshonaji alibaki nyumbani siku moja tu, ana homa na shule zimefungwa, na siku hiyo gari lilipita ghala, likapita soko, likapita kituo cha mwisho cha mabasi, likaenda kuishiwa mafuta kando ya shamba la alizeti. Nyororo alipiga simu akasema ameamua kupunga upepo.

Sasa kwenye kona ya mtaa wao kulikuwa na chumba cha duka chenye dirisha kubwa la kutazama barabara. Mshonaji alikitamani miaka mingi, hata akawa anakiota. Barazani alishona na vumbi, mvua na umbea. Pale angeweka cherehani dirishani, meza ya kukatia ukutani, na kibao chenye jina lake juu ya mlango. Mwenye chumba, mama wa makamo asiyependa kurudia maneno, alishamwambia: "Nakupa wewe, mwanangu. Lakini mlango ufunguliwe asubuhi. Duka la kufunguliwa watu washapita kwenda makazini si duka. Jumatatu nisipokukuta, nampa mwingine."

Asubuhi ya Jumamosi iliyotangulia Jumatatu hiyo, mikono ya Nyororo ikiwa bado ina povu, Mshonaji alimweleza.

"Na mimi nani atanisindikiza?" Nyororo aliuliza.

"Si gari linakusikia?"

Nyororo alitazama kando. Akasema shida ya nyumba hii si chumba cha duka, shida ni hili gurudumu, na twende wote kwa makanika tukalimalize leo.

Makanika alikuwa mtu mpole mwenye kalamu sikioni. Aliweka jeki, akavua gurudumu la kushoto, akachungulia, akalirudisha. Akavua mengine. "Pedi za huku zimebaki karatasi," alisema. "Huku kwingine zipo kama zilivyotoka kiwandani." Kisha akaingiza kichwa na tochi chini ya usukani, akakaa humo kidogo. "Mzee, pedali yako ya breki ina buibui."

"Buibui?"

"Na watoto. Wametandaza hapa mpaka ukutani. Wanaonekana wenyeji."

Akazunguka upande wa pili, akainua zulia la mbele ya siti ya abiria. Bati lilikuwa limebonyea, na lile bonde lilikuwa na umbo la unyayo, kisigino na vidole. Makanika aliuliza nani hukaa pale. Kisha akasema, "Samahani, mama, naomba uvue kiatu cha kulia."

Mshonaji akavua. Unyayo ulikuwa mweusi. Makanika alipitisha kidole, akakinusa, akakifuta kwenye ovaroli.

"Ndiyo lenyewe," alisema. "Mama ndiye anayefunga breki. Vumbi ni la mama."

"Huwa inatokea?" binti aliuliza.

"Mbona sana. Nina mteja, mama mkwe wake ndiye anafunga, tena akiwa siti ya nyuma. Lake linatokea gurudumu la nyuma. Mwingine mke alimwacha, gari likaja hapa kwa kuvutwa." Akaweka pedi mpya upande wa kushoto. "Ringi ipakeni nta, vumbi lising'ang'anie. Ila kuisha haliishi mpaka mama apumzike."

Mshonaji alihisi mzigo ukimshuka kifuani. Miaka yote mumewe alimwambia ni mwoga, anakaza mguu njia nzima kama ameona jini, na yeye aliamini, akajionea haya. Kumbe mguu ulikuwa kazini. Akafurahi mpaka getini kwa makanika. Baada ya hapo ikaja hasira.

"Umesikia," alimwambia mumewe walipoingia barabarani.

"Makanika husema mengi wapate kuuza pedi."

"Basi sema wewe. Nani anafunga breki?"

"Gari linanisikia."

Mshonaji alivua viatu vyote viwili, akapandisha miguu juu ya siti, akaikunja, akafumbata mikono. "Haya," alisema. "Liambie."

Mbele yao kulikuwa na mzunguko wa barabara wenye bustani katikati. Nyororo aliingia, akaona kila njia ya kutokea ina mteremko au ina watu, akaamua kuzunguka kwanza. "Simama," aliliambia gari. Halikusimama. Alikanyaga pedali, ikazama kama mguu kwenye godoro. Buibui akatoka, akapanda suruali yake, akatafuta mahali pengine pa kuishi. Wakazunguka. Askari wa barabarani, aliyemfahamu Nyororo kwa sifa, alimpigia saluti. Wakapita tena, akapiga tena. Zamu iliyofuata alibaki anatazama tu.

"Mke wangu, shusha mguu."

"Nani anafunga breki?"

"Watu wanatuona, jamani."

"Waache waone. Si wewe Nyororo?"

Nyororo alifungua mdomo. Neno lilipanda, likafika kwenye meno, likarudi lilikotoka. Aliona heri azunguke. Akashusha kioo, akaweka kiwiko dirishani, akajifanya ametoka kuangalia maua. Nyuma binti alifungua kitabu. Hatimaye taa ya mafuta ikawaka, na Mshonaji akaiona, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Mafuta yakiisha gari litasimama lenyewe, mtaa mzima utajua, na Jumatatu asubuhi yeye atakuwa dirishani kwake. Kilichobaki ni kukaa na miguu juu.

Ndipo mwanamke mmoja akafika kwenye kivuko cha pale mzungukoni, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na mkubwa wao ametangulia. Alitazama gari linalokuja, akalitambua.

"Vukeni tu, wanangu," alisema kwa sauti. "Huyo ni Nyororo. Huwa anasimama."

Wakaingia barabarani. Mguu wa Mshonaji haukungoja ruhusa. Ulishuka wenyewe, peku, ukatua kwenye lile bonde la bati, na gari likatulia hatua moja kutoka kwa yule mtoto mkubwa, bila mlio. Nyuma, kitabu cha binti kilianguka, na kiatu chake kikagonga sakafu.

"Ahsante, Nyororo!" mwanamke aliita. "Laiti madereva wote wangekuwa kama wewe!"

"Usijali, dada," alisema Nyororo, akainua mkono.

Mshonaji aliutazama mguu wake. "Nani kakutuma?" aliuuliza, na hakuwa na hasira nao. Alikuwa amewaona watoto.

Jumatatu alikaa siti ya mbele. Kesho yake asubuhi, walipofika kwenye kona, alifunga breki kidogo, zaidi ya ilivyohitajika, ili atazame. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi. Fundi mwingine wa kushona alikuwa anasogeza cherehani dirishani, mwanamke mwenye bahati, ambaye mumewe huenda kazini kwa miguu. Mshonaji alilia kimyakimya njia nzima, huku anapunguza mwendo kwenye kila tuta.

Mwezi haukuisha kabla pale ghalani hawajampa Nyororo cheti cha Dereva Mstaarabu. Alikipokea kwa hotuba ndefu. Alisema siri ni kuliheshimu gari, ukiliheshimu linakusikia, na watu wakampigia makofi huku mkewe amekaa mstari wa pili, na soksi yake ya kulia nyeusi tii. Walimvika kilemba cha ukoka, naye kikamkaa vizuri. Cheti alikitundika sebuleni, mahali ambapo Mshonaji alitaka kutundika kioo cha wateja.

Jumamosi Nyororo alitoa ndoo zake mbili. Aliosha magurudumu matatu, moja baada ya jingine, ingawa hayakuwa na kitu cha kuoshwa. Kisha akaenda barazani, akamkabidhi mkewe mswaki.

"Makanika kasema mwenyewe," alisema. "Vumbi ni lako. Mimi si mtu wa kuingilia mali ya mwenzangu."

Akavuta kiti, akakaa kivulini na chai yake.

Mshonaji alitaka kumrushia ule mswaki. Lakini lile gurudumu lilikuwa jeusi, na weusi ule ulikuwa wake kweli, jasho la mguu wake, na hakutaka mtu mwingine auguse. Akachuchumaa, akaanza kusugua. Papo hapo unyayo ukamtekenya, kicheko kikamtoka, akawa anacheka na machozi ya ghadhabu yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Unaona?" alisema Nyororo. "Kazi yenyewe tamu. Nilikuwa nakunyima bure."

Alipolimaliza aliinuka kumwaga maji machafu, na jicho lake likaangukia gurudumu la nyuma, la kushoto. Nyororo alikuwa amelipitia juu juu. Kwenye penyo za ndani kulikuwa na vumbi jepesi, la juzi tu, kama la chaki. Mshonaji alipitisha kidole. Kikatoka cheusi.

Aligusa chuma kuona kama kimepoa. Akachovya mswaki, akauingiza kwenye upenyo wa kwanza.

Chumbani, alikokuwa anasoma peke yake na mlango umefungwa, binti aliangua kicheko.

Mshonaji akautoa mswaki. Kicheko kikakatika. Akaurudisha.

"Jamani, nani ananitekenya?" binti alipiga kelele huko ndani.

"Sikia nyumba yangu ilivyo na vicheko," alisema Nyororo, akajinyoosha kwenye kiti. "Mungu anipe nini tena?"

Mshonaji aliweka mswaki chini, akachukua ile fulana kuukuu, akailoweka, na akalimaliza gurudumu lile kwa fulana, polepole, ili mtoto apate kusoma.