Maji ya Mgeni

Vidoa vilikuwa vimejaa kisahani kizima. Wayua alikiinua penye mwanga wa dirisha, akahesabu hadi mia, akaacha. Kila kidoa kilikuwa kundi la vijidudu, na vyote vilikuwa vimepenya chujio ambalo yeye mwenyewe alilipima mwezi wa Machi na kuliandikia kwamba ni salama.

Lilikuwa chungu cha udongo tu, limepakwa ndani chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba hata darubini ya maabara yake ya Msambweni haikuziona. Kazi ya chembe hizo ilikuwa kuua vijidudu. Machi ziliviua vyote, na nyumba arubaini za kijiji cha Bi Mwanaima, mwenyeji wake siku ya kupima, zikagawiwa machujio. Sasa watoto saba walikuwa wamelazwa kwa kuhara. Hanifa, mjukuu wa Bi Mwanaima, hakuwa amefungua macho tangu jana.

Wayua alipima chumvi ya maji ya kisima chao. Ilikuwa tele, na chumvi huzigandanisha zile chembe zikawa butu kama kisu kilichochakaa kwa kukata kamba. Akafungua karatasi ya Machi. Kisima kilekile, chumvi karibu hakuna. Namba hiyo aliiona siku ile, akafurahi, akapiga muhuri. Miaka tisa kazini, na bado alifurahi mahali pa kushangaa!

Kanuni ilisema mpimaji achote maji kwa mkono wake. Lakini siku ile ya Machi Bi Mwanaima alimpokonya chupa mlangoni, akamketisha mkekani mbele ya mahamri na mbaazi. Kwake mgeni hatumwi kisimani. Chupa zilirudi zimejaa, zimefutwa vizuri kwa upindo wa leso.

Wayua alivua koti la kazi, akakimbia hospitalini, akamkuta Bi Mwanaima kando ya kitanda cha Hanifa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mungu ndiye aliyekuleta."

"Bibi, yale maji uliyonitilia kwenye chupa, siku ile nilipokuja kwako, yalikuwa ya kisimani?"

Bi Mwanaima alikaribia kucheka. "Yale ya chumvi? Nimpe mgeni? Hasha! Nilikutilia ya mvua, ya mtungi wa ndani. Ndiyo maji yangu mazuri."

Wayua aliketi ukingoni mwa kitanda. Alitamani kukasirika, asijue amkasirikie nani. Bibi alikuwa amempa kilicho bora nyumbani mwake. Aliyekula mahamri huku akijua kanuni ni Wayua mwenyewe.

"Usihuzunike, mwanangu," Bi Mwanaima alisema, akimpapasa bega. "Haya ya hospitali sijampa hata tone. Namletea ya chujio lako kutoka nyumbani, kila siku."

Alitoa chupa kikapuni, akamimina kikombeni, akainua kichwa cha mtoto taratibu.

"Usimpe!"

Wayua alimkamata mkono. Maji yakamwagika shukani na kwenye leso. Bibi alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe wa kumzaa.

"Kwani si lako chujio hili? Si wewe uliyetwambia ni salama?"

"Ni mimi, bibi," Wayua alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi niliyesema."

Kati yao, macho yakiwa bado yamefumbwa, Hanifa alitoa ulimi akalamba tone lililomrukia mdomoni.